Swali la Mbuzi: Kurasa za Shajara ya Wodini

Jumatatu, 6 Februari 2023

Mgonjwa mpya, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Mama kijana wa Kimaasai, ameletwa kwa rufaa kutoka nyika ya Simanjiro. Barua yenyewe ina mistari minne: homa ya muda mrefu, maumivu ya kichwa, "amechanganyikiwa". Ameshapewa dawa mseto ya malaria, vidonge vya taifodi, kisha sindano. Kila mara homa imeshuka na kurudi. Mume anasema ilianza kabla ya Krismasi.

Nilichokikuta: joto 38.4, shingo ngumu kiasi, wengu unagusika chini ya mbavu. Akisimamishwa anayumba. Mgongo unamuuma kwenye kiuno. Usiku anatoka jasho mpaka shuka zinabadilishwa. Maswali mengine anajibu, mengine anayaacha yapite. Mhudumu wa wodi anayejua Kimaasai ndiye aliyetanzua: "Daktari, huyu hajachanganyikiwa, hasikii. Mwinamie sikio la kushoto." Nikamwinamia, naye mhudumu akatafsiri. Akataja jina lake, la mumewe, la mtoto wake, na siku aliyofika.

Malaria hakuna. VVU hakuna. Mimba hakuna. Damu ya kuotesha imechukuliwa kabla ya dawa yoyote ya hapa kwetu. Kesho maji ya mgongo.

Jumanne, 7 Februari

Mama mkwe alikataa sindano ya mgongo. Anamjua mtu aliyechomwa na hakurudi nyumbani. Sikumbishia, nilimwomba anipe mkono wake, nikauweka kwenye kiuno changu mwenyewe nimwonyeshe pale tunapochoma. "Yeyo, mama, uti wa fahamu umeishia juu ya hapa. Huku chini kuna maji na nyuzi zinazoelea, sindano inapita katikati yake. Huyo unayemjua aliuawa na ugonjwa uliomfikisha hapa amechelewa." Akanitazama muda mrefu, kisha akamgeukia mwanawe na kumwambia kitu. Mume akatia saini.

Picha ya kichwa haina uvimbe wa kutuzuia, kwa hiyo tukaendelea. Maji yalitoka safi machoni, lakini maabara inasema mengine: seli nyeupe 140, karibu zote limfosaiti, protini gramu 1.9 kwa lita, sukari 1.8 wakati ya damu ni 5.9. Bakteria hawaonekani kwa darubini. Kuvu wa kriptokokasi hakuna. GeneXpert haikuona TB.

Kwenye raundi bosi alisoma karatasi na kusema bila kusita: "TB ya ubongo. Anza dawa." Sina ubishi naye. Limfosaiti nyingi, protini juu, sukari chini, wiki kadhaa za homa: huo ni mchoro wa TB, na GeneXpert ikikataa haijaiondoa TB ya ubongo, maana vimelea kwenye maji ya mgongo huwa wachache mno. Anayengoja uthibitisho huzika. Dawa zimeanza leo jioni. Ila sikio linanisumbua.

Alhamisi, 9 Februari

TB hupenda kushika mishipa ya fahamu ya macho na ya uso. Ikianza na neva ya nane, ya kusikia na ya mizani, mtu atafute na kwingine. Nimekaa na mama mkwe kwenye benchi la nje, mhudumu akitafsiri, nikauliza mambo ambayo hayamo kwenye fomu yetu ya kulaza wagonjwa.

Nani anakamua? Yeye, mkamwana wangu. Maziwa mnachemsha? Ya chai yanachemka humo humo kwenye chai. Ya kibuyu hayachemshwi, yakichemshwa hayagandi vizuri. Mbuzi wanazaa salama? Hapo akanyamaza, kisha akasema kwamba baada ya ukame, mvua zilipoanza, mbuzi walitupa mimba, mmoja baada ya mwingine. Nani alikuwa anawasaidia? Yeye, mkamwana wangu. Kwa mikono? Kwa nini tena, daktari, kama si kwa mikono?

Nashuku brusela, homa ambayo mbuzi huwapa watu. Nimeomba kipimo chake cha haraka, Rose Bengal ya damu, na kipimo cha kugandisha kwa damu na kwa maji ya mgongo yaliyobaki kwenye friji. Kisha nikateremka maabara kwa miguu, sikutuma karatasi tu. Chupa ya damu iko kwenye mashine, na ikiwa ni brusela, anayeifungua mezani kama chupa nyingine anaweza kuivuta kwa pumzi. Kimelea hiki ni kati ya wale wanaowaambukiza zaidi wataalamu wa maabara duniani. Fundi wa zamu amebandika karatasi nyekundu: ifunguliwe ndani ya kabati la usalama tu.

Jumamosi, 11 Februari

Rose Bengal chanya. Ni kipimo cha bei ndogo: tone la seramu ya damu, tone la kimiminika cha waridi, unatikisa kadi dakika 4, chembechembe zinashikana au hazishikani. Kipimo cha kugandisha kwa damu kimefika 1:640. Kwetu 1:160 pamoja na dalili hutosha kumshuku mtu. Fundi hakuishia vikombe vya mwanzo. Aliendelea kuzimua, maana kinga ikiwa nyingi mno mwanzoni huonekana kama haipo. Hilo amelijua kwa uzoefu na limewahi kuokoa watu.

Lakini cha kutulia nacho ni maji ya mgongo: yameganda mpaka 1:32. Kwenye damu namba ndogo haimaanishi kitu kwa mfugaji, ambaye huenda alikutana na brusela miaka iliyopita akapona mwenyewe. Kwenye maji ya mgongo kinga ya brusela haina kazi ya kuwepo, hata kidogo.

Namwandikia intani wangu kumbukumbu hizi kwa sababu tunakosea pande mbili. Upande mmoja tunaikosa. Utafiti wa Moshi wa 2007 na 2008, kwa watoto na watu wazima 870 waliolazwa kwa homa, ulikuta madaktari wamewaandikia malaria asilimia 60.7, na waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Kati ya waliopimwa brusela, asilimia 3.5 walikuwa nayo. Upande wa pili tunaizua. Magharibi mwa Kenya watafiti walilinganisha kipimo cha haraka kilichozoeleka kwenye zahanati na vipimo imara, wakakuta wengi walioambiwa wana brusela hawana. Hao humezeshwa dawa wiki kadhaa huku ugonjwa wao halisi ukiendelea.

Jumanne, 14 Februari

Chupa ya damu imelia. Chini ya darubini: vijiumbe vidogo sana vyekundu, si fimbo wala si duara, vimetawanyika kama mchanga. Maji ya mgongo hayajaotesha kitu na huenda yasioteshe. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo, mara nyingi hukubali kwenye damu na kukataa kule.

Bosi ameita kikao kidogo kando ya kitanda. Swali lilikuwa gumu kuliko linavyoonekana: mgonjwa ameanza kupata nafuu kwa dawa za TB, je, si ushahidi wa TB? Hapana, na hapa ndipo mtego ulipo. Ndani ya dawa za TB mna rifampisini, na rifampisini inaipiga brusela. Mgonjwa wa brusela akipewa dawa za TB hupata ahueni, kila mtu akaridhika na jina la ugonjwa, kisha baada ya miezi anarudi amezidiwa, na sasa anaitwa TB sugu. Tumepima tena GeneXpert kwa maji mapya, hakuna kitu. Kimelea tunacho, kinga kwenye maji ya mgongo tunayo, mbuzi waliotupa mimba tunao. Dawa nyingine za TB zimesimamishwa.

Mpango: seftriaksoni gramu 2 kwa mshipa kila saa 12, mwezi mmoja, doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, rifampisini miligramu 600 asubuhi. Sindano ikiisha, vidonge viwili viendelee mpaka maji ya mgongo yasafike, si mpaka homa ishuke. Brusela ya kawaida ina njia yake: doksisaiklini wiki 6, pamoja na sindano za streptomaisini au jentamaisini mwanzoni. Kwa ubongo sindano hizo hazifai. Hazipenyi vya kutosha, halafu ni sumu ya masikio, na huyu masikio yake tayari yako mashakani. Watafiti wa Uturuki na wenzao walichapisha mwaka 2012 matokeo ya wagonjwa 215 wa brusela ya ubongo: walioanza kwa seftriaksoni walifanikiwa zaidi na kwa muda mfupi zaidi kuliko waliopewa vidonge peke yake. Na "muda mfupi" wao ulikuwa zaidi ya miezi 4.

Jumapili, 19 Februari

Zamu imetulia, nimesoma habari za Malta. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alitoa kimelea kwenye wengu za askari waliokufa kwa homa isiyoeleweka. Huyu ndiye Bruce aliyekuja Uganda mwaka 1903 kwa ajili ya malale, na jina lake ndilo limebaki kwenye brusela. Alikijua kimelea, hakujua kinatoka wapi. Ilipita miaka mingi watu wakilaumu hewa, vyoo, mbu. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, mwana wa Malta, alipima mbuzi waliokuwa wanaonekana wazima kabisa, wakipita mitaani na kukamuliwa milangoni kwa watu. Damu yao ikaganda.

Mwaka 1906 jeshi likapiga marufuku maziwa ya mbuzi kambini na homa ikaporomoka kati ya askari. Raia wa kisiwa wakaendelea kuugua. Valletta, mji mkuu, ilianza kuuza maziwa yaliyopashwa moto kiwandani mwaka 1938. Zaidi ya miaka 30 kati ya kujua na kumfikia mwenye mbuzi. Sisi hata hatuna kisingizio cha kutojua: mwaka 2017 Tanzania iliiweka brusela kwenye magonjwa 6 ya kipaumbele yatokayo kwa wanyama.

Ijumaa, 3 Machi

Homa imekatika. Anatembea mpaka bafuni akishika ukuta. Sikio la kushoto limerudi vizuri, la kulia bado.

Leo mfamasia amepanda wodini mwenyewe, na mazungumzo yake yamekuwa na faida kuliko raundi. La kwanza, rifampisini ya peke yake ni ya kutafutwa. Iliyojaa kwenye stoo imeunganishwa na isoniazidi ndani ya kidonge kimoja kwa ajili ya TB. Amepata ya kutosha mwezi wa kwanza, nyingine ameagiza. La pili, kijiti. Mama ana kijiti cha uzazi mkononi, na rifampisini hukidhoofisha. Kwa miezi hii asikitegemee, na mimba haitakiwi wakati wa doksisaiklini. Mume ameitwa, tumeongea watatu, sista wa uzazi wa mpango akamalizia.

La tatu sikulitarajia ingawa nimelisoma chuoni. Doksisaiklini haipatani na maziwa. Chokaa ya maziwa huishika dawa tumboni isiingie yote mwilini. Kwa mtu wa mjini hilo ni sentensi moja kwenye karatasi ya dawa. Kwa huyu, maziwa ndiyo asubuhi, ndiyo mchana, na ndiyo heshima ya mgeni. Tumekubaliana: kidonge na maji mengi akiwa amekaa, uji wa maji au ugali, maziwa baada ya saa mbili au tatu. Na maziwa hayo yachemke mpaka yapande. Ajifunike pia, dawa hii huifanya ngozi iungue na jua, naye kazi yake ni juani. Na mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa asiogope, ni rifampisini.

Jumanne, 14 Machi

Mwezi wa sindano umetimia. Maji ya mgongo leo: seli 38, protini 1.1, sukari 2.7. Yanaelekea pazuri, hayajafika. Anaruhusiwa na vidonge.

Intani ameuliza kwa nini hatukumpa steroidi tangu mwanzo. Tulijadili na bosi; hakuna jaribio kubwa linalosema ndiyo kwa kila mgonjwa. Wengine huzitumia neva ya jicho ikivimba au uti ukibanwa. Kwake hatukuona sababu.

Mama mkwe amekuja kumchukua. Nimemwambia ndugu wote wanaokunywa kibuyu kile wapimwe. Baba mkwe, ambaye magoti na kiuno vinamuuma tangu mvua, amepimwa papo hapo kwa sababu alikuwa ameleta gari. Chanya, dalili zinaendana, kichwa hakina shida. Yeye anapewa tiba ya wiki 6.

Jumamosi, 22 Aprili

Idi. Nusu ya wodi imeruhusiwa kwenda nyumbani kula pilau, nami nimepata nafasi ya kupitia daftari la kliniki. Mama wa Simanjiro hakuja tarehe yake. Nimepiga simu. Mume anasema barabara imekatwa na masika, kisha akasema lile lenyewe: "Daktari, mbona amepona? Anakamua, anachota maji, anacheka. Dawa za nini tena?"

Hili ndilo lango ambalo wagonjwa wengi hutokea. Brusela hujificha ndani ya seli zile zile zinazotumwa kuimeza. Homa huondoka mapema, kimelea hubaki. Akiacha sasa, ataanza upya, na mara ya pili huenda ikawa miguu badala ya sikio. Nimemweleza hivyo bila kumtisha. Ameniuliza vidonge vitamfikiaje.

Jibu limetoka nje ya hospitali. Afisa mifugo wa kata yao huzunguka maboma kwa pikipiki siku za josho. Nimempigia, akakubali: mfamasia anampa pakiti ya mwezi kwa mwezi, yeye anaipeleka, anahesabu vilivyobaki na kunitumia ujumbe. Naye ameniomba kitu kwa upande wake, nimweleze ni boma gani mbuzi walitupa mimba, maana hakuna aliyemwambia. Kwa ruhusa ya mume nimemwambia. Kumbe tulikuwa tunautafuta ugonjwa mmoja, yeye zizini, mimi wodini, na hakuna aliyekuwa na namba ya simu ya mwenzake.

Ijumaa, 9 Juni

Ujumbe wa afisa mifugo: vidonge vinamezwa, vilivyobaki vinalingana na siku. Amechukua damu za mbuzi wa boma lile, kadhaa zimeganda. Chanjo ya mbuzi ipo duniani, lakini kuipata kwa kundi zima ni safari ndefu. Kwa sasa amewafundisha: anayetupa mimba atengwe, kondo na kitoto kilichotupwa vifukiwe au vichomwe, mbwa wasivifikie, na anayezalisha avae glavu, zikikosekana, mfuko wa plastiki mkononi ni bora kuliko mkono mtupu. Wazee wa boma wamekubali la kutenga kwa sababu wamelielewa kama hasara ya mifugo. La afya ya wanawake limepita mgongoni mwake, na mimi sina neno.

Jumanne, 8 Agosti

Nane Nane. Wengine wako viwanjani kuangalia mbuzi wa maziwa, mimi nimemkuta mama kliniki, amekuja kwa basi la alfajiri pamoja na mama mkwe. Anatembea wima. Hakuna aliyepinga sindano ya mgongo leo. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemshika mabega akunje mgongo.

Seli 4. Protini 0.40. Sukari ya kawaida. Kinga kwenye maji haionekani tena. Kinga ya damu ingalipo kwa kiwango cha chini na inaweza kukaa mwaka au zaidi, hiyo haitibiwi. Vidonge vinaisha wiki ijayo, miezi 6 kamili tangu tiba ianze. Atapimwa tena baada ya miezi mitatu, kisha mwaka, kwa sababu wanaorudiwa hurudiwa zaidi mwaka wa kwanza.

Sikio la kulia kipimo kinaonyesha limepungukiwa, na huenda likabaki hivyo. Wiki zile za malaria na taifodi za kubahatisha ndizo zilizolichukua. Nimemwambia wazi. Akasema kwa utulivu kwamba kengele za mbuzi anazisikia.

Ijumaa, 18 Agosti

Kikao cha idara. Nimepewa dakika kumi niwasilishe kisa hiki, nimeomba kitu kimoja tu: fomu ya kulaza wagonjwa iongezewe mstari. Mstari wenyewe: unafuga au unakamua, unakunywa maziwa yasiyochemka, umezalisha mnyama au kushika kilichotupwa, na lini. Aliyejibu ndiyo na ana homa ya zaidi ya wiki mbili, apimwe Rose Bengal kabla ya dawa ya tatu ya kubahatisha. Aliyejibu ndiyo na maji yake ya mgongo yanafanana na TB, yapimwe brusela siku hiyo hiyo, maabara ikiarifiwa mapema, hata kama dawa za TB zimeshaanza.

Mmoja wetu alisema fomu tayari ni ndefu. Bosi akamjibu kwamba kuna mistari mitatu inayouliza dini, kabila na kazi, na "mkulima" imeandikwa kwa kila mtu bila kumwangalia. Mstari wetu umepita.

Kazi iliyobaki ni ya muda: dawa za miezi 6 zifike kwa mtu anayeishi mbali na lami na anayejiona mzima. Hilo hospitali peke yake hailiwezi. Namba ya afisa mifugo wa kila kata ya wafugaji inayotuletea rufaa iwe ukutani kwenye chumba cha madaktari, na yetu iwe ukutani kwake. Mgonjwa mwenye homa akifika kutoka kwenye mifugo, aulizwe habari za mbuzi wake kabla ya kuandikiwa chochote.